Sura ya Tano: Nyota za Kwenye Ripoti

Mashahidi sita waliiona sayari ya Saturne na pete zake, na wote sita waliiona kwa maneno yale yale.

Inspekta Thérèse Kabongo alizipanga karatasi sita mezani, akazisoma moja baada ya nyingine kwa kufuata mistari kwa kidole. "Kuanzia saa moja na nusu jioni, kikundi kilifurahia kutazama Saturne na pete zake, kisha Jupiter na miezi yake minne, hadi saa tatu kamili." Karatasi ya kwanza ilisema hivyo, ya pili pia. Ya sita ilikuwa na mwandiko mbaya kama wa daktari, lakini neno halikupungua hata moja. Thérèse alikuwa na miaka kumi na minne kazini, Kananga, Bunia na sasa Beni, na hajawahi kukutana na watu sita walioona hata mbuzi mmoja kwa namna moja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi vijana kumi na mmoja wa klabu ya nyota walipanda kilima kimoja cha Kalunguta, wakapiga mahema karibu na kapela, juu kidogo ya kituo cha wanajeshi waliowapa ruhusa. Mwalimu wao, Siméon Lusenge wa Butembo, alikuja na darubini kubwa ambayo padri mmoja mzee aliwaachia vijana alipostaafu. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma. Jumapili asubuhi sanduku lilikutwa tupu, kufuli limefunguka bila kuvunjwa. Mwalimu alisema labda alisahau kulifunga. Usiku ule sanduku lililala kwenye kibanda cha jiko, na kibandani alilala mtu mmoja tu, mpishi wa kukodiwa aitwaye Paulin.

Halafu kulikuwa na ule mfuko. Dereva wa pikipiki aliyemrudisha Paulin nyumbani alisema mpishi alishuka kilimani na mfuko ambao hakupanda nao, uzito wake kilo kumi na mbili hivi. Kibandiko cha sanduku kilisema darubini ina kilo kumi na mbili. Paulin alipoulizwa mfuko ulikuwa na nini, alikataa kujibu.

Alitiwa ndani Jumapili saa kumi alasiri. Sheria inampa polisi saa arobaini na nane za kumshika mtu, na leo ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Ikifika saa kumi, ama Paulin anarudi kwake Mulekera, ama anapandishwa kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, maana mkoa uko chini ya jeshi, na kutoka hapo gerezani, kusubiri zamu ya faili lake. Zamu hiyo huweza kuchukua miezi.

"Chef, likambo esili, kesi imekwisha," alisema Hénock, katibu wake, mtu wa Kisangani aliyependa kesi zinazokwisha kabla ya chai. "Mupishi, mufuko, kilo kumi na mbili. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta mutu moja mwenye aliona kitu kwa macho yake."

Alipiga magoti penye sanduku, lililokuwa sakafuni kama kielelezo. Ndani lilikuwa na sponji nyeusi iliyokatwa kwa umbo la darubini. Kona moja ya sponji ilikuwa imechanika, kipande kimetoka. Thérèse akapitisha kidole kwenye mkunjo, akatoa punje moja ya haragwe. Lilikuwa nono, jeupe lenye madoa ya zambarau.

"Si unaona?" Hénock akasema. "Mikono ya mupishi njo ilileta haragi pale."

Huenda. Thérèse aliitia ile punje kwenye bahasha, akaandika tarehe.

Ornella aliingia saa mbili na nusu, mwanafunzi wa chuo mwenye miwani na daftari kifuani. Yeye ndiye aliyeandika ile karatasi ya kwanza. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ornella, ile Saturne," Thérèse akaanza. "Ilikuwa upande gani?"

"Upande ya Ruwenzori, madame."

"Shekinah rafiki yako, jana alinionyesha upande ya Lubero."

Ornella akafikiri. "Labda ilizunguka."

"Labda. Na mwezi? Ulikuwa juu ao ulikuwa bado?"

Nje, pikipiki ilipita na muziki wake. Ornella alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha gauni, akaivaa tena.

"Madame, nikisema, Prof atafukuzwa?"

"Prof sijue. Mais kuna mutu ataenda ku gereza saa kumi ya leo, na karatasi yako njo inamupeleka."

Basi msichana akasema. Alisema haraka, kama mtu anayetapika.

"Hatukuona kitu, madame. Ciel ilikuwa couvert. Mawingu ilifunga tangu saa kumi na moja. Tulikaa chini ya bâche, ile turubai kubwa, mvua kidogo kidogo, tunakula, tunapiga stori. Kila mutu anaonyesha mwenzake nyota yenye hayiko. Tulicheka sana."

"Na juu ya nini muliandika mambo ingine?"

"Rapport ilikuwa déjà imeandikwa. Prof aliandika Alhamisi, akatuma kwa bale batu benye balitupatia mahema. Mule alisema Saturne, Jupiter, mupaka saa tatu. Donc polisi alipokuja, tukasema tusimuangushe Prof. Tulinakili paka ile rapport tu."

Thérèse hakushangaa, na wewe ungeishi huku usingeshangaa. Katika pande hizi ripoti huitangulia kazi kama mbwa anavyomtangulia mwindaji. Semina inafungwa kwa shukrani siku mbili kabla ya kufunguliwa. Miti elfu imeshapandwa kwenye karatasi wakati miche iko bado kitaluni. Mara nyingi hakuna anayeumia. Mara hii Paulin alikuwa ndani.

"Ornella, unisikilize muzuri. Ile télescope, uliiona?"

"Tuliibeba, madame. Tulipokezana ku mupando. Ilikuwa nzito!"

"Mulibeba caisse, lile sanduku. Nauliza télescope yenyewe."

Ilionekana hajawahi kujiuliza. "Hapana," akasema mwishowe. "Prof alisema na hii humidité, hii unyevu, haifunguliwe. Hakuna mutu aliiona."

Alipotoka, Hénock alikuwa bado na neno. "Sawa, walidanganya juu ya nyota. Mupishi anaponea wapi?"

"Tulisema alikuwa yeye peke yake ku jiko, wengine wote bako ku télescope. Sasa bote kumi na mbili, pamoja na Prof, walikuwa chini ya bâche, mita tano toka jiko. Na hakuna hata moja mwenye anaweza kuapa kama ile caisse ilipanda kilima na télescope ndani."

"Ilikuwa nzito, chef."

"Ilikuwa nzito, ndiyo," alisema Thérèse, na akachukua funguo za mahabusu.

Paulin alikuwa ameegemea ukuta, mtu wa miaka arobaini, mikono yake mikubwa ikiwa juu ya magoti. Walikuwa wamemchukulia mkanda na viatu kama desturi ilivyo.

"Paulin, mufuko ulikuwa na nini?"

"Mama inspecteur, mimi sikuiba télescope."

"Sikuuliza télescope."

Akatazama chini.

"Bibi yako anajua?"

Hapo kichwa kiliinuka. "Musimusumbue Kanyere. Hana makosa."

Lilikuwa jibu tosha. Mwanamume anayeficha darubini humwogopa polisi. Huyu alikuwa anamwogopea mkewe aibu.

Kanyere alikutwa uani kwake Mulekera, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Alipoona kofia ya polisi mikono ilisimama. Mbele yake juu ya turubai kulikuwa na malundo mawili: dogo la maharagwe mekundu madogo, na kubwa la maharagwe manono, meupe, yenye madoa ya zambarau.

"Karibu, mama," alisema kwa sauti isiyokaribisha.

Thérèse akachutama penye turubai. "Unachambua juu ya nini? Ni machafu?"

"Hapana, yalichanganyika. Haya madogo ni ya huku, yanaiva mbio. Haya makubwa ni ya Lubero, ya kule ku baridi. Yanachelewa ku moto. Ukipika pamoja, moja inakuwa uji na ingine inakuwa jiwe."

"Na yalitoka wapi?"

Kanyere akaweka ungo chini. Machozi yalikuwa yamekaribia lakini hakuyaruhusu.

"Niko naona mwisho yetu, mama inspecteur. Nilimuambia airudishe. Ni chakula ya kikundi, si yetu. Akaniambia Jumamosi jioni alipika, ikabakia bakuli mbili tu ya haya mekundu. Asubuhi anaamuka, mufuko imejaa mupaka ku mudomo! Akaniambia: Kanyere, ni kama unga ya mujane wa Sarepta. Nikamuambia mujane wa Sarepta hakuipandisha ku pikipiki na kukimbia nayo."

Thérèse alicheka, hakuweza kujizuia. Kanyere pia akacheka, mara moja, kisha akajifuta pua kwa kitenge.

"Juu ya nini hakusema ku polisi?"

"Angesema nini? Mwizi wa maharagi ni mwizi wa télescope, njo vile polisi banahesabu. Mutanisamehe."

"Kuna kitu ingine ulikuta ndani? Majani, mawe?"

"Mawe hapana. Masafi kabisa, mutu aliyachambua muzuri. Paka hii tu." Kanyere akanyoosha mkono kwenye rundo la takataka, akatoa kipande cha sponji nyeusi chenye ukubwa wa kidole gumba.

Thérèse alifungua bahasha, akaweka ile punje yake kando ya rundo kubwa; usingeweza kuijua tena. Kisha akaomba mfuko. Duka la jirani lilikuwa na mizani. Maharagwe makubwa, baada ya familia kula siku mbili, yalikuwa kilo kumi na moja na kidogo.

Siri ya mtungi muulize kata. Mpishi aliamka akakuta chakula kimezidi, na sanduku kando yake limepungua kwa uzito ule ule. Maharagwe yalitoka sandukuni. Aliyeyatia ni yule aliyelipakia sanduku, na aliyelipakia alikuwa na ufunguo.

Thérèse alitazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro.

Dereva wa pikipiki aliyemshitaki Paulin aliitwa Ézéchias, na kwa kuwa alikuwa na pikipiki bora kuliko ya polisi, ndiye aliyempeleka Thérèse Butembo. Alikuwa mtu wa kusema. Vizuizini aliwasalimia wanajeshi kwa Kilingala na wauza ndizi kwa Kinande, na baada ya kila kizuizi aliendelea na sentensi palepale alipoiacha. Walipopita chini ya kilima cha Kalunguta, Thérèse alimuuliza hali ya hewa ya Jumamosi.

"Jumamosi? Madame, nilivaa imperméable, koti ya mvua, siku mzima! Ruwenzori tuliisahau kama iko. Tena na huyo Paulin, ku mupando, tulianguka mara mbili ku matope."

"Ulisema mufuko yake ilikuwa kilo kumi na mbili. Ulijuaje?"

"Moto, pikipiki yangu, inajua. Nikibeba kilo kumi inanyamaza, kumi na mbili inaanza kulia."

"Ilikuwa ngumu, ile mufuko? Kama chuma?"

Ézéchias alifikiri umbali wa kona mbili. "Hapana. Ilikuwa inakaa muzuri, kama mutu amelala. Hamukuniuliza ile."

Kweli hawakumuuliza. Thérèse aliliandika hilo kichwani kama deni la ofisi yake mwenyewe, na lilimchoma.

Butembo kulikuwa na baridi. Walifika saa sita kasoro, wakaulizia nyumba ya mwalimu Lusenge, wakaonyeshwa nyumba ya matofali yenye mabati ya kijani. Mwalimu alikuwa bado shuleni. Aliyefungua alikuwa mamake, Anne-Marie Maliro, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani na rozari shingoni, ambaye alikuwa amekuja kutoka Lubero kumtembelea mwanawe.

"Mwasibire, mama," Thérèse akamwamkia. Ndilo neno la Kinande alilojua vizuri.

Bi kizee alifurahi mno, akajibu kwa Kinande cha dakika nzima. Ézéchias akafasiri. "Anasema karibu. Anasema polisi wa siku hizi bako na adabu. Anasema hamutoke hapa bila kula."

Walikaa. Sahani ikaja: ugali, sombe ya majani ya muhogo, na maharagwe manono yenye madoa ya zambarau. Thérèse alikula kwanza, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi, kisha akasifu maharagwe.

Ni ya shamba lake, alisema Anne-Marie kupitia Ézéchias. Alileta mfuko mzima. Siméon alichukua sehemu kubwa Ijumaa awapelekee vijana wake kilimani. Alikuwa mtoto mwenye moyo tangu zamani.

"Na ile chombo yake ya kuangalilia nyota? Mama aliionaka?"

Uso wa kizee uling'aa. Alisimama, akawaashiria wamfuate chumbani, akainama kwa taabu na kuvuta kitu kutoka chini ya kitanda, kimefungwa kwenye blanketi. Ézéchias akamsaidia kukifungua. Ilikuwa darubini, bomba refu jeupe, nzima, bila mkwaruzo kwa nje.

"Anasema alifika, akakuta iko na vumbi," Ézéchias akafasiri, na sauti yake ikaanza kupungua kasi. "Kioo cha ndani kilikuwa na madoa kama ukungu. Anasema Jumatano mwalimu alienda ku masomo. Yeye akasema, mutoto wangu ni mutu ya masomo, hana bibi wa kumusafishia bintu. Akaifungua na kisu. Akakisugua kile kioo na majivu na limau. Asubuhi mzima. Anasema hata sufuria ya harusi haikusuguliwaka vile."

Thérèse alimulika ndani kwa tochi ya simu. Kioo cha darubini hufunikwa kwa utando mwembamba wa fedha kwa juu, na utando huo haukuwapo tena. Kilichobaki kilikuwa duara la kijivu lenye mistari elfu, safi kabisa, kipofu kabisa.

"Mwalimu aliporudi alisema nini?"

Anne-Marie alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili. "Alisema aksanti, mama." Na kwa Kinande akaongeza kwamba mwanawe aliiweka kwenye blanketi ili isishike vumbi tena.

Thérèse alimpenda huyu mama, na alichukia sana kazi iliyomleta.

Siméon Lusenge aliingia saa sita na dakika arobaini, chaki kwenye mkono wa koti. Aliona kofia ya polisi mezani, akaona mlango wa chumba uko wazi, akaona blanketi. Aliketi bila kuambiwa. Mamake alienda jikoni kumletea chakula.

"Twende inje, Mwalimu," Thérèse akasema.

Walisimama uani, karibu na tangi la maji. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na mitano, na hakujaribu kukana.

"Kwa nini maharagi?" Thérèse alimuuliza. "Ungeweka mawe. Ukifika kule unayatupa ku pori, na mimi singekushika maisha yote."

"Nilikuwa na haraka. Nilihitaji kilo kumi na mbili, mufuko ya mama ilikuwa pale. Nilisema batoto batakula." Alinyanyua mabega. "Na usiku, ili caisse ikutwe tupu na ionekane télescope imeibiwa, nilitoka na maharagi mupaka ku mugomba. Mama alichambua moja moja, madame. Ningetupa namna gani? Nikaimwanga mu mufuko ya jiko, Paulin amelala."

"Na caisse ukaacha wazi."

"Ndiyo."

"Jumapili, Ézéchias alisema Paulin ameshuka na mufuko ya kilo kumi na mbili. Ulisikia?"

"Nilikuwa pale."

"Donc ulijua mule muna nini. Batu bote ya Beni hawakujua, bibi yake alikuwa anafikiri ni miujiza. Wewe ulijua."

"Sikutaja jina yake, madame. Hata mara moja."

"Hapana, haukutaja. Ulinyamaza tu. Siku mbili."

Siméon akajifuta uso na kiganja, na chaki ikabaki shavuni.

"Butembo banapenda kucheka. Ningesema ukweli, mama angeitwa mama-majivu mupaka siku ya kumuzika. Ku soko, ku misa, kila mahali. Alifanya juu ya kunipenda. Nikasema: mawingu ikifunga, hakuna mwenye atajua. Na mawingu ikafunga. Nilimushukuru Mungu, madame! Halafu bakakamata Paulin, na kila saa yenye inapita, inakuwa ngumu zaidi kusema." Akatazama mlango wa jikoni. "Muniandike mimi. Mwizi, mwongo, vyovyote. Mais mama musimuweke ndani ya ile karatasi."

"Yeye njo shahidi yangu. Bila yeye niko na mwalimu mwenye anajishitaki, na commandant wangu atasema nimekutesa ao umemuhurumia mupishi. Nikiwa na yeye, niko na kioo na siku yenye kiliharibika."

"Hajue kama aliharibu kitu!"

"Atajua. Maneno ya shahidi yanaandikwa, na yanasomwa mbele yake mu luga yenye anasikia, njo anatia kidole. Mimi Kinande sijue." Thérèse akatazama saa. Saa saba na robo. "Wewe utasoma. Ézéchias atasikiliza kama unasoma yote."

Aliandika mezani kwa kalamu, kurasa mbili, Kiswahili chepesi kisicho na mapambo. Anne-Marie alikaa mbele yake na mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Ilipofika saa nane Thérèse alimkabidhi Siméon karatasi.

Alisoma akiwa amesimama. Mistari ya kwanza ilikwenda vizuri: jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, siku aliyofika Butembo. Penye majivu sauti ilishuka. Ézéchias, mlangoni, akakohoa, na Siméon akarudia mstari kwa sauti. Kizee alitikisa kichwa kukubali. Ndiyo, majivu na limau. Kisha ukaja mstari uliosema kwamba kwa kusuguliwa hivyo kioo kilikufa na hakitaona nyota tena. Siméon aliusoma, akakoma hapo. Mamake akamwangalia yeye, akamwangalia Thérèse, akauliza jambo fupi.

"Anauliza kama ni kweli," Ézéchias akasema.

"Ni kweli, mama," alijibu Thérèse.

Siméon akasoma yaliyobaki bila kupumzika: sanduku, maharagwe, mfuko, mtu aitwaye Paulin, mahabusu, Jumapili mpaka leo. Alipomaliza, Anne-Marie alikuwa ameshika rozari lakini hakuwa akisali. Alisema sentensi moja, polepole, na Ézéchias alichelewa kuifasiri.

"Anasema: ulinificha mimi kicheko, ukapatia mutoto wa mwingine gereza."

Kizee alivuta kibweta cha wino cha Thérèse, akachovya kidole gumba, akakibandika chini ya ukurasa kwa nguvu hadi meza ikalia. Kisha akakisukuma kibweta mbele ya mwanawe. Siméon alikuwa na sahihi nzuri ya mwalimu, yenye mkia. Hakuitumia. Alichovya kidole kama mamake.

Saa nane na nusu Thérèse alipiga simu Beni, akaiweka sauti kubwa.

"Hénock, mufungulie Paulin."

"Chef, commandant alisema saa kumi—"

"Niko na télescope na vidole viwili ku karatasi, nitaongea na commandant mimi. Mufungulie sasa. Simu usikate."

Walisikia hatua za Hénock, funguo, komeo likivutwa, na mlango wa chuma ukikwaruza sakafu. Walimsikia Paulin akiuliza kama ni saa ya kupelekwa, na Hénock akimjibu kwamba hapana, ni saa ya kwenda nyumbani. Halafu Paulin akauliza viatu vyake viko wapi.

Anne-Marie alimuuliza Ézéchias nani yule. Alipoambiwa, alisogea akainamia simu, na akatafuta kile Kiswahili kidogo alichokuwa nacho.

"Paulin. Ni mimi, mama ya Siméon. Kile kioo, ni mimi nilisugua. Unisamehe, mutoto wangu."

Paulin hakujua kioo gani, wala Siméon yupi, wala huyu mama ni nani. Alijua tu kwamba anayemwomba ni mzee.

"Hapana neno, mama," akajibu. "Wasingya, aksanti."

Hapo ndipo mwalimu alipolia.